Picha ya Kumi na Tisa

Kopo hili lilikuwa la biskuti za masista wa Oviedo;
kutu imeshamla Bikira shavu moja.
Ndani mna picha ishirini na tatu za mgodi wa Santa Eufemia
na moja zaidi, ambayo mke wangu Obdulia aliitupa mara mbili,
nami mara mbili nikaifuata jalalani.

Kamera niliiazima kwa shemeji,
Machi ya themanini na tatu, mvua haikatiki.
Ya kwanza ni hii: mnara wa chuma, na juu yake gurudumu
limetoka kiwiwi, kwa kuwa lilikuwa linazunguka.
Ukilipiga leo utahesabu spoku zote.

Hapa ni chumba cha kubadilishia nguo.
Tulizitundika darini kwa minyororo,
suruali na viatu vikining'inia juu ya vichwa vyetu
kama watu walionyakuliwa wakasahau kuvaa.
Huyu anayemsugua mwenzake mgongo ni Laureano.
Mgongo haufikiki na mwenyewe;
ulisuguliwa na yeyote aliye jirani,
hata yule mliyetukanana jana baani.
Miaka kumi na tisa nimeoga hivyo.
Sasa naoga peke yangu, maji ya moto tele,
na pana mahali, katikati, sifiki.

Huyu ni nyumbu, Pastora.
Alihesabu mabehewa kwa mlio wa minyororo:
akisikia la nane limefungwa, hasogei,
umbembeleze, umtukane mama yake, hasogei.
Sisi tulisogea.
Kazi mbaya si mchezo mwema, baba alisema,
akikohoa kitu cheusi ndani ya leso nyeupe.

Ya ishirini na mbili: ubao wa vibati vya shaba.
Asubuhi unachukua chako, jioni unakirudisha.
Safu ya tatu, ndoana moja tupu.
387.
Niliipiga Ijumaa.

Sasa rudi nyuma, Jumatano, picha ya kumi na tisa.
Chini hairuhusiwi kamera. Gesi.
Cheche moja tu, na kijiji kizima kinavaa nyeusi.
Mimi niliificha kwapani, ndani ya fulana,
nikapiga bila flashi, kwa mwanga wa taa za kofia,
na mwenye duka la picha akanicheka:
"Hii imeungua, Belarmino. Sikutozi."

Imeungua wapi?
Hapa chini, kushoto, penye alama ya ukucha wangu,
Senén amekaa juu ya gogo, anakula mkate na kitunguu,
ganda anawatupia panya
(panya wakikimbia, nawe kimbia, usiulize).
Kofia ameisukuma nyuma. Ananiambia,
"Piga upesi, jamaa, nisije nikapendeza."
Huku kulia ni nguzo za msonobari.
Nguzo ya tatu inalia. Mti hulia kabla ya kuvunjika,
chuma hakikwambii kitu.
Sote tuliisikia. Zamu ilikuwa imebaki saa mbili,
na saa mbili ni pesa.
Siku ya pili yake, Alhamisi, zamu ile ile, mahali pale pale.

Watu wa makumbusho walikuja mwaka juzi, wakachagua kumi na mbili.
Hii wakanirudishia kwa adabu, ndani ya bahasha.
Mto waliusifu: maji maangavu, samaki wanaonekana.
Kweli wanaonekana.
Sisi tuliuona mweusi kama wino miaka yote,
na Obdulia akafua shuka zetu kwa maji ya kisima.
Tulikula.

Jana mjukuu wangu Nerea alifungua kopo.
"Babu, hii mbona giza tupu?"
Wanasema macho hayana pazia. Nikamwambia, tazama tena.
Akaisogeza dirishani, akaiinamisha huku na huku,
karatasi inang'aa, naye amekunja uso.
"Namwona mtu," akasema.

Alikuwa anajiona mwenyewe.
Sikumsahihisha.