Gia ya Pili

Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, alfajiri ya Raahe,
gia ya pili hukataa.
Husita kwanza, kama mtu aliyedaiwa mbele za watu,
ndipo huingia, krrr,
na Raili Mustajärvi huuma meno
kana kwamba kilichosagika ni chake.

Gari jekundu, milango miwili,
injini isiyoanza kucheka mpaka ifike elfu saba.
Alilinunua kwa mjane mmoja wa Kemi
kwa akiba ya miaka mitatu ya kuchomelea vyuma.

Mchagua nazi hupata koroma.
Huku nazi hakuna, zipo chupa:
rafu nzima, 75W-90, 75W-80,
nyeusi, za fedha, moja ya zambarau kama manukato.
Eetu wa dukani akaishika hiyo ya zambarau kwa mikono miwili.
"Sintetiki tupu. Daraja la tano.
Hakuna inayoteleza kuliko hii."
Bei yake viatu vya majira ya baridi.
Raili alikuwa ameshatoa kadi.

Akampigia kwanza Sirkka Ylitalo wa Tornio,
aliyefungua giaboksi za mashindano miaka thelathini,
sikio la kushoto halisikii tena.

"Inateleza? Nani kakwambia utelezi ndio wema wote?
Ndani mle mna bangili za shaba.
Kazi yake ni kukamata,
kuibana gia mpaka mbio mbili ziwe mbio moja.
Ukiipaka isichoweza kukishika, itashika nini?
Na salfa ile imewekwa kwa ajili ya difu.
Shaba huilamba kidogo kidogo, wala husikii.
Soma kitabu cha gari: daraja la nne.
Sintetiki, sawa, maana baridi yetu
huyageuza mafuta mengine kuwa asali.
Lakini la nne!
Na kabla hujafungua pa kumwagia, fungua pa kujazia."
"Kwa nini?"
"Fungua tu."

Jumamosi, chini ya gari, hita ikinuka vumbi lililoungua.
Kizibo cha kujazia kiligoma.
Alikipasha moto, akakigonga, akakitukana,
akachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana
akaning'inia nalo kwa uzito wake wote.
Saa nzima na nusu.
Kilipolia na kuachia, akalala pale pale sakafuni akicheka:
angeanza na cha chini,
angebaki na giaboksi tupu na mlango uliofungwa,
na gari lingengoja Aprili.

Mafuta ya zamani yalishuka meusi, bila haraka.
Kwenye sumaku, ndevu za chuma. Hizo ni umri tu.
Lakini alipomulika beseni kwa tochi,
palimeta:
chenga za dhahabu zikielea,
zisizojali sumaku.
Shaba.

Akakumbuka bahasha ndani ya dashibodi.
Risiti kumi na moja, kila baada ya miaka miwili,
zimebanwa kwa mpangilio wa tarehe,
na kwenye kila moja mwandiko mdogo ulionyooka wa marehemu:
*bora kabisa*.
Chupa ya zambarau. Mara kumi na moja.
Alikuwa akiilisha kilicho ghali,
na kilicho ghali kilikuwa kikiila.

Raili alizirudisha risiti kwenye bahasha,
akaifuta mikono yake kwanza.

Lita mbili na robo za daraja la nne,
mpaka yakafurika, yakamtiririkia kiganjani hadi kwenye kiwiko.

Jumapili mjane akapiga simu: linakwendaje?
"Linakwenda," alisema. "Mumeo alilitunza."
Hakuna lililokuwa uongo.

Jumatatu, nyuzi ishirini na tatu.
Shaba iliyoliwa hairudi, Sirkka alishasema.
Klachi chini. Gia ya kwanza. Klachi.
Mkono ukaenda kwenye ya pili, ukakuta ule ule ukaidi,
mdogo zaidi,
na Raili hakusukuma.
Aliiachia nusu ya pumzi
ishike.