Mengineyo

Ajenda ya mwisho kila kikao ni Mengineyo.
Hapo ndipo tunapowaweka wenye maneno,
soda zimekwisha,
mwenyekiti ameshakunja suruali apande baiskeli.

Mimi ndiye katibu. Daftari ni la Umoja wa Wadai wa Mkonge,
Ngamiani, barabara ya kumi na tatu, uani kwa Semboja.
Tunadai kiinua mgongo tangu mashine za brashi ziliponyamaza.
Tumekwenda bomani kwa miguu mara nne,
tumenyeshewa, tumefukuzwa, tumerudi.
Barua kumi na moja tunazo, nakala zake,
kila moja na muhuri wa masjala, wino wa zambarau:
IMEPOKELEWA.

Siku hiyo akasimama Mwanakombo Shekue,
ambaye vidole vyake viwili vilibaki kwenye mashine ya korona.
Hakuanza na salamu za kamati.
"Elfu tatu tatu za wakili, miezi kumi na minane.
Huyo wakili nani amemwona, hata kisogo?
Na bango lenu limeandikwa WAFANYAKAZI,
mkachora mwanamume na panga.
Sie tulioanika katani,
tuliotema vumbi jeupe mpaka alfajiri,
mmetuchora wapi? Jikoni?"

Ndipo Hiza,
Hiza yule yule aliyelala mahabusu siku tatu kwa ajili yetu,
akauliza: "Umetumwa na nani?"

Nikalitambua lile swali.
Tulitupiwa kwenye geti la boma, mwaka juzi,
tukalicheka njia nzima hadi Chumbageni.
Sasa limehamia kwetu, limepewa kiti.

"Nimetumwa na njaa," akasema Mwanakombo.
"Ile ile iliyokutuma wewe. Au yako ilishapona?"

Wengine waliguna.
Mmoja alipiga kofi moja, akaficha mikono.
Mwenyekiti akafunga kikao kwa dua.
Nami nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri:
Mjumbe mmoja alitoa hoja. Imepokelewa.

Usiku nikaliona neno.
Sikulitafuta. Lilikuwa pale, zambarau,
ingawa kalamu yangu ni ya buluu.

Nimelikata. Nimeandika yote,
wakili na kisogo chake, jikoni, swali la Hiza.
Mwenyekiti hataki kutia sahihi.
Anasema adui atasoma.
Labda atasoma, sijui.
Mimi najua tu joto la Tanga
na kidonda kilichofungwa kitambaa wiki nzima.

Vikao viwili Mwanakombo hajaja.
Jumapili nikampelekea daftari Makorora,
nikamkuta anamenya machungwa ya Muheza ya kuuza.
Akapangusa mkono kwenye khanga,
akasoma polepole, mstari kwa mstari,
kwa kidole kimoja kati ya vile vilivyobaki.
Akanirudishia.

"Umekosea," akasema.
"Miezi kumi na tisa. Andika."