Taa ya Buluu

Unapigwa mpaka Nairobi, nasikia.
Mtangazaji kasema ni wimbo wa mapenzi,
wa mwanamke aliyesimama kwenye taa ya buluu
usiku wa manane, mji ukimzunguka.

Ngojeni.

Kinanda kile cha umeme kilikuja kwa deni.
Mtaliano wa hoteli iliyofungwa hakuwa amemlipa Famau
friji tatu alizomtengenezea;
siku ya kuondoka akamsukumia kinanda mlangoni,
vitufe vitatu havitoi sauti.
Kaka yangu akajifunza kuviruka.
Ule mkwao kabla ya kiitikio,
ambao vijana wa studio leo wanauiga kwa makusudi,
ni vitufe vitatu vilivyokufa.

Na ngoma si ngoma.
Ni mashine ya barafu nyuma ya disko, upande wa mapipa:
tuku-tuku, kimya, tuku, kisha barafu inamwagika.
Aliirekodi kwa simu
amelala chali sakafuni, bisibisi mdomoni.

Disko lenyewe hakuliingia hata siku moja.
Mlango wa mbele una bei.
Sisi tulipita jikoni.

Taa ya buluu ni ya kuulia nzi.
Ilining'inia juu ya sinki, na chini yake nilikuwa mimi,
"Mwanamkuu, glasi! Mwanamkuu, glasi!"
nikisugua rangi za midomo ya watu nisiowajua.
Kila nzi alipoungua, chwaa,
nilisema: haya, mmoja kalala.
Famau akacheka, akaliandika kwenye risiti.
*Mmoja kalala, mji u macho* —
nyinyi mnaoinua mikono mkiimba
mnamwimbia nzi.

Alfajiri tulirudi Maweni kwa miguu,
yeye na kisanduku cha vyombo, mimi na mkate wa jana.
Barabara ya Lamu tupu, mwadhini hajakohoa bado kwenye kipaza sauti.
Akaniuliza: huko ndani kukoje?
Nikamwambia sijui.
Mlango hufunguka, naona mguu,
kiatu, rangi,
halafu unafungika.
Ubeti wa pili ndio huo. Hakuongeza neno.

Juzi pesa za wimbo ziliingia,
za friji moja na nusu, kwa hesabu yake.
Akiusikia dukani hukunja uso.
Pigo la nne linachelewa, anasema.
Ile mashine ilitaka beringi mpya,
na mimi niliwaambia.