Mkono wa Kushoto

Lori la saruji lilipotumbukia korongoni mwaka ule wa maporomoko,
wenye lori walirudi na winchi, wakachukua injini,
wakachukua matairi, wakachukua hata kioo cha pembeni.
Springi waliziacha.
Nilishuka na kamba mimi na mpwa wangu Lokendra,
tukazipandisha moja moja, mgongoni, siku nne,
magoti yakilia kama bawaba.

Watu walicheka: Rupsara amegeuka muokota taka.
Wacha wacheke.
Chuma kilichobeba tani tisa kwenye barabara za Nepali
hakitaogopa jiwe la shamba.

Maana majembe ya dukani mnayajua.
Yana rangi nyekundu, yana nembo ya simba,
na kwenye jiwe la kwanza yanapinda
kama ulimi wa mwenye deni.
Mwenye shamba bondeni hununua jingine.
Sisi wa juu, ambako udongo ni kiganja na mawe ni gunia,
tunaligonga linyooke,
tunalima nalo hivyo hivyo, limekunja uso.

Tulsimaya alikuja ulezi ulipokwisha kuvunwa.
Akasimama nje ya mstari wa kivuli cha paa,
pale wanaposimama watu wa ukoo wake
tangu babu yangu afue chuma hapa.
Mashine ya kukatia majani ya nyati
ilimla vidole viwili vya mkono wa kulia.
Mume yuko Doha, anawajengea wengine kivuli.
Jembe alilomwachia ni refu,
zito,
limetengenezwa kwa bega ambalo halipo.

Nilimwambia: nipe mkono.
Akanipa wa kulia, kwa mazoea.
Nikasema, huo mwingine, ndio utakaolima.

Akatazama njia nyuma yake.
Kisha akavuka mstari hatua moja, akanipa.
Nikaupima kwa uzi, toka kiwiko hadi kidole cha kati,
nikaupima unene wa ngumi,
nikakuta sugu changa, bado laini,
za mkono unaojifunza kazi uzeeni.
Nilimkaribisha maji. Hakunywa.
Mama mkwe angejua.

Siku tatu. Lokendra kwenye mivukuto,
mimi kwenye fuawe ambayo baba alisema si ya mwanamke,
kisha akafa, na fuawe haikusema neno.
Nyundo kwanza pole, kisha kwa hasira, kisha pole.
Ubao wa jembe mwembamba kwenye ncha, mnene kwenye shingo,
tundu la mpini nimelipinda kidogo upande wa kushoto,
kiasi cha kichwa cha mtu anayesikiliza.
Nikalizamisha kwenye mafuta ya haradali,
moshi ukapanda, watoto wa jirani wakaja mbio
wakidhani kuna kinachokaangwa.

Halafu ile sehemu ngumu, ambayo haina kelele:
kulirudisha juu ya makaa na kungoja rangi.
Njano ya mabua makavu, litoe.
Likigeuka buluu umechelewa,
umetengeneza jembe la dukani kwa jasho lako mwenyewe.

Alilipa pishi mbili za ulezi, akaahidi ya tatu.
Hakulisifu. Alilipiga mara moja tu
kwenye ukingo wa njia, palipo na kokoto,
akalitazama ncha,
akalitia begani, la kushoto, akaenda.

Misimu mitano sasa.
Kila mwaka hulileta kunolewa, limepungua uzi mmoja,
limeng'aa kama sahani ya arusi.
Ile pishi ya tatu sijaiona.
Maji sijamkaribisha tena, naye hajaomba.
Ila siku hizi hangoji nje.
Huingia, hujikalia juu ya springi zilizobaki,
ananiambia ya mvua, ya Doha, ya nyati mgonjwa,
na mimi nanoa polepole
kuliko inavyohitajika.