Karani Asiye na Maneno

Ukumbi wa Kaloleni leo umekuwa korti.
Ngao ya taifa ni ya plaiwudi, simba mmoja hana jicho,
na hakimu ni mwalimu mstaafu wa Buruburu
anayekohoa kila taa zikiwaka.
Mimi ni karani. Sina neno hata moja.
Nimeambiwa: inama, andika, usitazame kamera.
Elfu moja mia tano, na chai.

Aliye kizimbani hakuiba, hakumpiga mtu.
Kwenye mswada anaitwa Elifasi Muhanji, fundi wa saa, mgane,
na nduguye wa tumbo moja amemleta mbele ya sheria
atiwe Mathari, kwa faida yake mwenyewe.

Wakili anasoma:
kwamba tangu amzike mke, miezi kumi na minne,
kila Ijumaa hununua kredo ya shilingi ishirini
akaituma kwa nambari ya marehemu
isije laini ikafungwa.
Kwamba usiku huipiga, simu ikalia kabatini,
naye hukaa kitandani akiisikiliza
mpaka ikome.
Kwamba saa za wateja zimelala mezani, matumbo wazi.

Daktari, dada mmoja wa Rongai, anasema:
"Mheshimiwa, huzuni ina kipimo chake."
Kata! anasema Mumo. Treni inapita.
Tena.
"Mheshimiwa, huzuni ina kipimo chake."
Kata. Kivuli cha maikrofoni ukutani.
Mara tano huzuni imepata kipimo chake,
na mara tano kalamu yangu imechora minyoo,
maana kamera haioni karatasi.

Ya sita, mvua ikaangukia mabati.
Tukangoja. Ojuang', ndiye huyo Muhanji,
akaja kuniomba nusu ya mkate wangu.
Akatafuna. Akauliza,
"Mama, wewe ungemfunga?"
Nikacheka. Nikasema mimi ni karani tu.

Sikumwambia habari ya viatu.
Vya Kioko, saizi nane, mlangoni pangu Kayole.
Navipiga kiwi kila Jumapili jioni
kwa sababu Jumatatu ndiyo alikuwa akienda kazini.
Miaka mitatu sasa. Hakuna aliyenishtaki.
Binti yangu huviruka akiingia,
kama mtu anavyoruka maji ya mtaro,
hatazami chini, hasemi kitu.

Mvua ikakatika. Mara ya saba.
"Muhanji, kabla sijatoa uamuzi, una la kusema?"
Ana ukurasa mzima wa kusema;
tangu asubuhi nimemsikia akiukariri chooni.
Akasimama. Akafungua mdomo. Akaufunga.
Akashika ukingo wa kizimba, rangi ikambandukia vidoleni.
"Inalia, Mheshimiwa," akasema.
"Nikipiga, bado inalia."

Mumo hakusema kata.
Hata hakimu hakukohoa.
Nami niliyeambiwa nijifanye naandika
nikaandika, kwa mwandiko wa shule, herufi moja moja:
inalia.
Na chini yake: saizi nane, kiwi nyeusi.

Kisha hakimu akasoma alichopewa kusoma,
siku thelathini, wodi ya wanaume,
na nyundo ikagonga meza ya kuazima.
(Nimekaa korti ya Makadara, wakati wa mali ya Kioko.
Nyundo sikuiona. Niliona mihuri, na benchi, na njoo kesho.)
Watu wakapiga makofi. Wakakunja nyaya.
Ndugu na mgane wakapigana mabega, wakashiriki sigara moja.

Kijana wa vifaa akakusanya karatasi za mezani kwangu,
akazitupa guniani pamoja na simba wasioonana.
Nikamwomba ile ya juu.
"Ya nini, mama? Haina kitu hiyo."
Nikaikunja mara nne, nikaitia sidiriani,
nikatia sahihi ya pesa yangu.

Barabara ya Jogoo ilikuwa bado inachuruzika.
Dukani nikanunua kopo moja, lile dogo.
Leo ni Alhamisi.