Sauti Nene Mlangoni

Makambako, mwezi wa sita. Upepo unapita chini ya mlango
kama mtu anayepapasa ufunguo ulioanguka.
Mama anasonga ugali na kusimulia kwa mwiko:
mwiko ukigonga sufuria, zimwi limefika.

Watoto wamejifungia. Mama yao yuko shamba,
na akirudi ataimba, nao wataijua sauti:

    Wanangu wa tumbo langu,
    fungueni, ni mamenu,
    nimekuja na viazi.

Zimwi likaimba yayo hayo kwa koo la gogo.
Watoto wakacheka: “Sauti nene! Wewe si mama.”
Likaenda kwa mhunzi, likameza chuma chekundu,
likarudi na sauti nyembamba ya kupita tundu la sindano.

Hapo mwiko uligonga.

Nilidhani hadithi hiyo ni ya jikoni kwetu tu,
kama lile figa letu lenye ufa.

Kumbe Sista Hedwiga wa Uwemba anayo.
Kwao ni mbwa mwitu, na watoto ni wa mbuzi, saba.
Anakula chaki (chaki! hii hii ya darasani),
anapaka unga mguuni, na aliyepona
alijificha ndani ya saa ya ukutani.
“Kwenu alijificha wapi?” akaniuliza.
“Kwenye kihenge cha mahindi.”
Akafikiri. “Ndiyo,” akasema, “ndimo mnamotunzia siku.”

Bwana Lu, mpimaji wa reli, kabla sijazaliwa,
alimsimulia mama kambini kwa Kiswahili cha vitenzi vitatu:
chui wa milia kavaa kitambaa cha bibi,
kaingia, kalala kitandani katikati ya watoto.
Usiku dada anasikia: kwach, kwach.
“Bibi, unakula nini?”
“Karanga, mjukuu wangu.”
“Nipe moja.”
Akapewa kidole cha mdogo wake.
Mama anasema kambi ilikaa wiki nzima bila kuonja karanga.

Na dereva mmoja wa Ndola, lori lake bovu pale njia panda,
alishikilia kuwa si chuma cha mhunzi, ni jembe,
jembe la moto, na mpini juu.
Wakabishana na mama mpaka chai ikaota ngozi.

Mwalimu Nyagawa alinieleza
wasomi wameichora kama ukoo, shina na matawi,
na bado wanavutana shina lilisimama wapi.
Nikamuuliza: ni nani aliyefunga mlango wa kwanza?
Akafuta miwani yake, akaitazama, akaifuta tena.

Mwaka juzi, Ilembula, mama alitolewa rovu.
Shingo ikawa laini kama ya msichana.
Sauti walibaki nayo wao.

Usiku mmoja wa ukungu tulisikia hodi.
“Fungua. Ni mimi.”
Koo la gogo.
Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye komeo
na haukwenda mbele. Mtu mzima mimi, miaka arobaini na minne!
Mwanangu Zitha akanivuta kanga: “Mama, sauti nene.”

Sista hakunisimulia hili. Wala Bwana Lu, wala yule wa Ndola:
kwamba iko siku mwenye sauti nene
ndiye mwenye viazi.

Nje kimya. Kisha, polepole,
kama mtu anayeburuta gunia juu ya changarawe,
bila kupatia hata noti moja:

    Wanangu wa tumbo langu

Nikatoa komeo. Upepo ukatangulia kuingia, halafu yeye,
kitenge kimelowa, mfuko begani,
akanitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda.

“Ungekawia kidogo,” akakoroma,
“ningekwenda kwa mhunzi.”