Kiporo cha Ming'oko

Mfaume, leo siku ya tisa umetoka Ligula
na tumbo lako limenyamaza kama shule mwezi wa Desemba.
Vile vidonge viliua vijidudu vya kidonda, sikatai,
ila viliingia na panga shamba zima,
havikuuliza lipi gugu, lipi mbaazi.

Unataka boflo. Unataka soda.
Nitakununulia, sina choyo. Lakini yule tabibu wa zamu
alinichorea ramani nyuma ya boksi la dawa:
utamu ule haufiki mbali,
hunyakuliwa mapema kwenye utumbo mwembamba,
kama samaki wa Msimbati wanaoishia Mtwara mjini,
sisi wa Newala tukabaki kusimuliwa minofu.

Na huko chini, utumbo mpana,
wamekaa bakteria na sahani tupu.
Hawana macho. Hawana hata jina la ukoo.

Ndiyo maana nilikwenda kwa Somoe Nalyoto,
anayejua ming'oko inakojificha,
akachimba hadi shimo likammeza kiunoni
kwa mizizi isiyozidi unene wa kidole.
Nimeichemsha jana. Usinikunjie uso kwamba imepoa,
nimeiacha ilale makusudi:
wanga ukilala hukaza, huwa mkaidi,
hupita tumboni ukikataa kumeng'enywa,
ukawafikia wenyewe ungali mzima.

Watauchachusha taratibu, kama togwa ya mama.
Utanguruma. Utajamba, Mfaume.
Jamba. Nyumba hii ina madirisha manne.

Mgeni siku ya tatu mpe jembe, walisema;
hawa walikuja nalo ungali mchanga,
na kodi wanalipa, vijiasidi vidogovidogo
ambavyo ukuta wa utumbo unavila ukapata nguvu.
Na wakikosa chakula?
Waulize mchwa wa chumba cha uani.
Huanza na lipu, ule ute laini unaokukinga,
wakaubandua, wakaula,
na wewe juu unakunywa soda.

Usiku ukilala nitaweka sikio hapa,
chini ya kitovu, mbali na mshono,
nisikie kama wapo waliorudi.

Haya, chumvi hiyo, pilipili hiyo.
Menya mwenyewe, mikono haikupasuliwa.
Kula sita.
Wa saba uache, Zuhura akitoka shule
atauulizia.